Kijiko Kisichonguruma

Bweni la Pili
14 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Kitanda nimepewa cha juu, karibu na mlango, kile ambacho kila anayeingia anakutazama wewe kabla hajatazama pengine popote, na unavyonijua nilivyo na haya. Siku ya kwanza nilijifunika gubigubi mpaka jirani yangu wa chini akauliza kama kuna mtu au ni godoro limevimba.

Nakutumia ukurasa wa kwanza mpaka wa tisa wa kile kitabu cha maelekezo ya kijiko kipya cha umeme, mashine yenu mpya ya kuchimbia. Kiingereza chake kigumu, kimeandikwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kuchafuka matope. Nimejitahidi kutia maneno ya kazini kwenu, si ya darasani. Penye kitu nisichokijua jina nimechora.

Baba, kuna jambo nilishindwa kulisema nikiwa nyumbani. Ulimi wangu unaujua, kwenye karatasi tu ndipo unapolegea. Ni ile siku ya zahanati, tarehe ishirini na tisa. Nesi alisimama nyuma yako akawa ananong'ona namba, wewe uzirudie, na mimi niko kwenye benchi mbele yako. Aliponong'ona saba, nikaweka vidole saba magotini. Hukuniambia nifanye vile. Wala mimi sikukuuliza. Uliniangalia tu. Namba kumi, na zote kumi ukapata, nesi akacheka, "Mzee wangu, una masikio ya popo," akagonga muhuri. Tulipotoka ukaninunulia soda, tukainywa kimya kama watu waliotoka kuiba.

Sisemi tulikosea. Najua asiye na muhuri hapandishwi kwenye mashine mpya, na zile za dizeli zinaondolewa zote. Najua umekaa kwenye kile kiti miaka kumi na tisa, mingi kuliko umri wangu. Nasema tu kwamba zile namba ninazo bado. Mwalimu wa hesabu akiandika saba ubaoni, vidole vyangu vinajinyoosha vyenyewe chini ya dawati.

Kuna ukurasa wa kumi na moja ambao sijaumaliza. Unahusu sauti. Nitautuma.

Binti yako,
Kibubu


Nyumbani
26 Januari

Kibubu wangu,

Marahaba. Kurasa zimefika na michoro yake. Ile uliyochora pampu, mwenzangu Koleo kaitazama weee, akasema, "Mwanao kachora birika." Nikamwambia wewe hata hilo birika huwezi kulichora, endelea kukumbatia koleo lako.

Sasa sikiliza habari ya mashine. Kadogo! Kanapita mlango wa chumba. Ndiyo maana wamekaleta, maana unajua tunachimba chini ya lile jengo kuukuu, orofa mbili chini ya ardhi, wanataka kuweka maegesho ya magari. Kijiko cha dizeli mle ndani kilikuwa kinatuua. Watu walikuwa wanatapika, tunatoka tunatema makohozi meusi kama wino. Huyu wa sasa hana moshi. Jioni unamchomeka ukutani kama simu, asubuhi kashiba. Msimamizi anataka tumwite "kifaa". Sisi tunamwita Bwana Harusi, kwa sababu kaja anang'aa na hasemi neno.

Nilichokosa ni mtetemo tu. Yule wa zamani, Bibi Kizee, nilikuwa namjua kwa makalio. Akikohoa najua, akichoka najua, akizimika najua hata nikiwa nimefumba macho. Huyu nikikaa juu yake naona kama nimekaa kwenye kochi la watu, nasubiri kukaribishwa.

Hiyo habari ya zahanati achana nayo. Masikio yangu yana nta tu. Tatizo ni kwamba watu siku hizi wanaongea chini chini, hata wasoma habari. Na usiniambie nikupigie kwa simu ya matroni, simu yangu spika imekufa. Mimi na wewe ni watu wa barua. Nani mwingine ana binti wa namna hiyo?

Soma. Kula. Ukionewa, sema.

Baba yako


Bweni la Pili
7 Februari

Baba,

Ukurasa wa kumi na moja huu hapa. Nimeuandika kwa herufi kubwa:

MASHINE INAPOKUWA IMEWASHWA BILA KUSOGEA, HAITOI SAUTI. ALIYE KARIBU HAWEZI KUJUA KWA KUSIKIA. ASISHUKE MTARONI MPAKA DEREVA AMEMWONA KWA MACHO, AMEONDOA MIKONO KWENYE VISHIKIO NA KUGEUZA UFUNGUO. KABLA YA KUSOGEZA TENA, DEREVA APIGE HONI NA ASUBIRI KUITIKIWA.

Kuitikiwa, Baba.

Nimewaza juu ya baba mdogo Koleo. Miaka kumi na moja yuko mbele ya ndoo ya mashine yako, anachokonoa pale mashine isipofika. Nilipokuwa mdogo mliponipeleka kazini siku ile shule imefungwa, alinionyesha jinsi mnavyofanya. Alisema, "Mimi nasikiliza injini tu. Ikinyamaza, zamu yangu. Ikinguruma, zamu ya baba yako. Hatujawahi kugongana wala kugombana." Mimi nikaona ni kama mchezo.

Sasa hii haingurumi. Naye amezoea.

Nakuomba mambo mawili. Mwambie kwamba kimya cha mashine hii hakina maana ile ya zamani. Halafu mwambie juu ya masikio yako. Yeye peke yake, si mwingine. Hatakucheka. Ningemwandikia mwenyewe lakini naona ni kama kukuvua nguo mbele ya watu.

Usikasirike. Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimezichana.

Kibubu


Nyumbani
19 Februari

Kibubu,

Nimemwambia. Yote mawili. Alisema sawa.

Kazi nyingi, tunafika ukuta wa nyuma wiki ijayo. Bwana Harusi anaendelea vizuri, juzi kachimba kutwa nzima kwa chaji moja na akabakiza.

Viatu ulivyosema vimebana nitatuma vingine.

Baba


Nyumbani
16 Machi

Binti yangu,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo mambo. Nimepaka rangi mlango wa jikoni, kijani, ile rangi ambayo mama yako alikuwa anaitaka nami nikawa nasema ni ya hospitali. Sasa naona ilikuwa nzuri. Paka wa jirani kazaa ndani ya ndoo yetu ya kufulia, wanne, mmoja hana mkia. Nimetengeneza ile kona ya paa inayovuja. Mvua haijanyesha bado kwa hiyo sijui kama nimefaulu.

Kazini tumesimama kidogo, kuna ukaguzi. Koleo yuko likizo, aliteleza akaumia mguu. Usimwandikie, anahitaji kupumzika.

Jambo jingine. Zile barua zako za Januari na Februari nimezichoma. Si kwa ubaya. Karatasi zimejaa mno humu ndani. Na wewe usiandike tena mambo ya zahanati kwa mtu yeyote. Hata kwangu mimi.

Viatu vimetumwa.

Baba yako


Wodi ya wanaume, kwenye benchi la nje
24 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pole na masomo. Baba yako atakuwa amekwisha kukueleza yaliyotupata, kwa hiyo sitarudia sana, maana nikirudia nalia na manesi hapa wameshanichoka. Leo ni siku ya ishirini na moja. Kiuno cha baba yako mdogo Koleo kimesagika, miguu haisikii kitu. Daktari anaichoma kwa pini, mwenzangu anatazama dirishani kama anachomwa mtu mwingine. Anatania bado. Jana kamwambia daktari, "Ukimaliza kushona nirudishie na kifungo changu." Ila usiku akilala anauma shuka.

Wanasema ipo hospitali kubwa inayoweza kumrekebisha kiuno angalau akae. Kampuni walituambia watampeleka, tusubiri tu kamati inayochunguza ajali. Sasa barua ya kamati imekuja, na imekuja kwa Kiingereza. Nimeogopa kumpa mtu wa hapa. Nikakumbuka wewe. Nimekunakilia yote, herufi kwa herufi. Nisomee, mwanangu, uniambie wamesema tutampeleka lini.

Baba yako alikuja mara moja. Hakuingia. Alisimama mlangoni akiwa ametupa mgongo, mume wangu kamwita kwa jina, kamwita tena, kamwita mara ya tatu mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Hakugeuka. Kaondoka. Ni uchungu tu, najua. Wale wawili walikuwa kama mapacha. Mwambie hatuna kinyongo.

Mama yako mdogo,
mke wa Koleo


Bweni la Pili
31 Machi

Shikamoo mama mdogo,

Nimeisoma barua. Nimeitafsiri kila neno kama lilivyo. Aya ya kwanza na ya pili ni tarehe na majina ya wajumbe. Inayowahusu ni hii:

"Dereva alipimwa tarehe 29 Desemba na uwezo wake wa kusikia ni kamili. Angeitwa, angesikia. Mashahidi wengine wanaosema waliita hawakuwa karibu kiasi cha kuaminika. Kamati imeridhika kwamba majeruhi alishuka mtaroni bila idhini na hakutoa sauti kwa wakati. Kosa ni la majeruhi. Kwa hiyo kampuni haitawajibika kwa matibabu yoyote zaidi ya huduma ya kwanza."

Hawakusema mtampeleka lini. Hawampeleki.

Sijaongeza kitu, mama mdogo. Kuna nilichopunguza, lakini hakimo katika barua yao, kimo kwangu. Nipe siku chache. Nimwandikie baba kwanza.

Naomba usinishukuru kwa kutafsiri.

Mwanao


Bweni la Pili
31 Machi

Baba,

Ulisema mguu.

Ulisema likizo, ukaniandikia habari za paka.

Mke wa Koleo amenitumia barua ya kamati nimtafsirie. Umeona wewe ilivyoandikwa? "Angeitwa, angesikia." Mimi ndiye niliyeandika sentensi hiyo, Baba. Wao wameweka wino tu. Niliiandika kwa vidole.

Nenda kawaambie. Nenda wewe, kwa miguu yako, kabla sijasema mimi. Mwambie msimamizi kwamba husikii tangu kabla mama hajafa, kwamba fomu ile ni ya uongo. Waambie ni mimi, nitie humo, sijali, sema nilikulazimisha. Watamfungulia Koleo njia ya kwenda hospitali. Wewe watakuondoa kwenye kiti. Lakini utakuwa na miguu.

Na unijibu jambo moja. Ulimwambia kweli?

Mimi


Nyumbani
9 Aprili

Binti yangu,

Umeuliza, nakujibu.

Sikumwambia. Kila asubuhi nilisema leo. Tunavaa viatu pamoja, tunashuka ngazi pamoja, nasema leo, halafu yeye anatoa utani wake, nami nacheka ninapoona meno yake, na siku inakwenda. Ukurasa wako wa kumi na moja ulikuwa mfukoni mwangu. Ulikuwa mfukoni siku ile ile.

Tulikuwa ukuta wa nyuma. Nilisimamisha mkono wa mashine nitazame chaji kwenye kioo, ilikuwa imeshuka. Nilitazama kwa muda gani? Kwa muda wa kumeza mate. Yeye akasikia kimya, akashuka kama anavyoshuka siku zote. Mimi nikarudisha mkono. Nilihisi ndoo imegusa kitu, nikadhani ni jiwe. Kuna mawe mengi upande ule. Nikasukuma.

Nilichoona kwanza ni watu wanakimbia, midomo wazi.

Sasa unataka niende nikaseme. Nikisha kusema niwe nani? Wewe huijui nyumba hii ikiwa umeondoka. Mama yako alikuwa ananigusa bega, nageuka. Alijua kabla yangu mimi mwenyewe, na hakuwahi kuniambia, alikuwa ananigusa bega tu. Sasa hakuna wa kunigusa. Mlango ukibishwa sijui. Maji yakimwagika sijui. Naweza kukaa kutwa, nisijue kama dunia ipo. Ila nikikaa kwenye kiti kile na kuchoma ndoo ardhini, ardhi inaniitikia. Ndicho kitu pekee kilichobaki kinachoniitikia.

Nikisema, Koleo hatatembea. Nisiposema, hatatembea. Kilichobaki ni kimoja tu cha kuokoa, na ni kile kiti.

Nyamaza, mwanangu. Wewe unajua kunyamaza, ni kipaji chako tangu utoto. Nisaidie nacho.

Baba yako


Bweni la Pili
17 Aprili

Shikamoo baba mdogo,

Naandika kwako moja kwa moja, maana nikimwandikia mama mdogo atalia kabla hajafika mwisho.

Baba yangu hasikii. Si kwamba hasikii vizuri, hasikii. Tarehe 29 Desemba nesi alimpima, nami nilikaa mbele yake nikamwonyesha majibu kwa vidole. Fomu inayosema masikio yake ni kamili ni ya vidole vyangu. Uliita. Najua uliita. Kamati inasema hukuita kwa sababu yangu mimi.

Nilijiambia ni kwa ajili ya baba. Si kweli yote. Niliogopa kumwona anarudi nyumbani mchana, anakaa kwenye kiti cha plastiki. Niliogopa kuwa nyumba moja na mtu huyo. Nilikuwa najiokoa mimi.

Nilimwomba akuambie habari ya kimya cha mashine, akasema alikuambia. Nikaamini kwa sababu kuamini ni rahisi. Ningeweza kukuandikia mwenyewe. Stempu ninazo, bado zimo kwenye kitabu cha jiografia. Niliona haya.

Unaweza kunitukana. Naandika kwa kamati nikishapata jibu lako, au nisipolipata.

Binti wa rafiki yako


Wodi ya wanaume
28 Aprili

Kibubu,

Marahaba. Naandika nimelala chali, kwa hiyo kama mistari inapanda mlima nisamehe.

Nilijua.

Nilijua tangu mwaka wa tatu wa kazi yetu pamoja. Siku moja tairi la lori lilipasuka nyuma yetu, sisi wote tukalala chini, baba yako akaendelea kuchimba anapiga mluzi. Nilicheka mpaka nikaumwa tumbo. Sikumwambia mtu. Nikafanya mpango wangu mwenyewe. Nikiona hatari, badala ya kupiga kelele nilikuwa naipiga ndoo kwa koleo, chuma kwa chuma. Bibi Kizee alikuwa mifupa mitupu, ukimpiga mkononi dereva anasikia kwenye visigino. Napiga mara moja, anasimama. Miaka yote hiyo. Hatukuwahi kulizungumza. Alidhani nina mikogo ya kupiga piga ndoo. Au alijua, nami sikujua kwamba anajua. Ndivyo tulivyokuwa.

Siku ile nilipoona ndoo inarudi, sikupoteza pumzi kuita. Wengine ndio walioita. Mimi niliipiga. Nilipiga mara nne, koleo likavunjika mpini. Lakini yule Bwana Harusi wenu kiti chake kina springi, sakafu yake mpira, vishikio vyake vimeshikana na waya tu. Amejengwa dereva asisumbuliwe. Hakusumbuliwa.

Kwa hiyo usijifanye peke yako. Mama yako alijua, mimi nilijua, wewe ulijua. Sote tulimpenda kwa namna hiyo hiyo, na matokeo yake ni mimi.

Umeuliza bila kuuliza kama nakusamehe. Bado. Wewe bado, yeye bado, mimi mwenyewe bado. Sitaki kukudanganya, umedanganywa vya kutosha. Mke wangu nimemwambia. Hakulia. Alikwenda kufua shuka ambazo zilikuwa safi.

Andika kwa kamati. Andika kwa lugha yao, vizuri, usiweke machozi. Labda watanipeleka. Vidonda vya mgongoni vimeanza kunuka, nami nimechoka kutoa utani kuficha harufu.

Koleo


Nyumbani
23 Mei

Binti yangu,

Waliniita. Msimamizi, afisa usalama na bwana mmoja mwenye tai ambaye hakukaa. Waliweka barua yako mezani. Siwezi kuisoma lakini niliujua mwandiko.

Wakaniandikia swali kwa Kiswahili kwenye karatasi, ni kweli au si kweli. Fikiria hilo. Waliniandikia. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini wameona afadhali waniandikie.

Nikaandika: Si kweli. Binti yangu ni mtoto mpole, hana marafiki, anapenda kutunga. Tangu afiwe na mama yake amekuwa akijitwisha makosa yasiyo yake.

Niliandika hivyo kwa mkono huu.

Nusu yangu ilikuwa inangoja waseme basi twende zahanati tukakupime upya. Nilikuwa nimevaa shati safi kwa ajili hiyo. Afisa usalama alitaka. Yule mwenye tai akasema, na midomo yake niliisoma sawasawa, kwamba kupima tena ni kukiri kipimo cha kwanza kilikuwa kibovu, na kipimo cha kwanza ndicho kilichofunga jalada. Akatia barua yako ndani ya bahasha. Msimamizi akanipa mkono.

Koleo hawampeleki popote. Nimepata habari wamemrudisha nyumbani kwake, na mkewe amemwekea kitanda sebuleni. Sijaenda. Sitakwenda.

Jumatatu nilirudi kwenye kiti. Wamenipa mtu mwingine wa chini. Sijajua jina lake. Ni kijana wa kazi, mwepesi, ana haraka, anarukaruka mtaroni kama mbuzi. Nilitaka kumwambia. Nitamwambia.

Likizo usije hapa. Nenda kwa shangazi yako, nimekwisha kumjulisha. Si kwamba sikutaki. Nikikuona nitakaa mbele yako nami nitatazama magoti yako, na sitaweza.

Baba yako


Bweni la Pili
30 Mei

Kwa mwenye kazi ya chini, mbele ya ndoo, kwenye jengo lile kuukuu,

Kaka, hatufahamiani. Aliyekupa barua hii getini ni mke wa mtu aliyekuwa mahali pako. Mume wake yumo sebuleni amelala na hatainuka. Nimemwomba mama huyu akuletee, naye amekubali ingawa sikustahili kumwomba kitu.

Dereva wako hasikii chochote. Usimwite, unapoteza pumzi. Usiipige ndoo, hatahisi. Msimamizi hatakuambia, kwa sababu karatasi yake inasema vingine. Dereva mwenyewe amesema atakuambia. Usingoje. Anamaanisha anaposema, halafu siku inakwenda.

Mashine ikinyamaza haijazimwa. Inaweza kusogea wakati wowote. Kabla hujashuka, nenda ukasimame mbele yake mpaka akutazame machoni. Mwonyeshe kwa mkono ageuze ufunguo, utazame mwenyewe ufunguo unageuka, umwambie kwa ishara akukabidhi, utie mfukoni mwako. Ukitoka, mrudishie. Fanya hivyo kila mara, hata mara mia kwa siku, hata wakikucheka kwamba wewe mwoga, hata msimamizi akisema unachelewesha kazi.

Atakasirika siku ya kwanza. Si mtu mbaya. Mguse bega, atageuka.

Ukiweza kupata kazi nyingine, ipate.

Sina ushahidi wa kukuonyesha. Niliwaandikia wenye mamlaka kwa lugha yao na hawakuniamini. Wewe nakuandikia kwa lugha yetu na sijui kama unaweza kuisoma. Kama huwezi, mwombe mama aliyekuletea akusomee yote hapo hapo getini, polepole, kabla hujaingia.

Binti wa dereva